Nani Alimwekea Dani Meno?

Ni mimi. Naanza hapo kabla binamu zangu hawajaniwahi.

Mwaka jana mwezi wa nane tulimzika dani yangu. Kama wewe si Mjaluo, dani ni nyanya, cucu, shosho, vile mnaitana kwenu. Na kwa sababu kwa familia mimi ndiye "yule wa kompyuta" (ukiacha chuo mwaka wa pili, kila matanga yana kazi yako), nikapewa picha nitengeneze. Ya kava ya kijitabu cha mazishi, ya fremu ya kuweka juu ya jeneza, na ya lile bango la getini.

Picha ya maana ilikuwa moja tu. Studio moja ya Kisumu, 1971. Nyeusi na nyeupe, inatoshea kwa kiganja, na upande wa kushoto imekatwa kwa mkasi ndio iingie kwa fremu fulani ambayo hakuna anayejua iko wapi siku hizi. Dani amekaa kwa kiti. Nyuma yake kuna turubai limechorwa ngazi za jumba la kifalme, na nina uhakika hata mchoraji mwenyewe hakuwahi kuona jumba kama hilo. Ameshika hendibegi ya studio. Saa ameivaa juu ya mkono wa sweta, makusudi, ndio ionekane. Na anacheka. Hatabasamu, anacheka, mdomo wazi kabisa, na pale chini meno sita hayapo. Aling'olewa akiwa msichana, hiyo desturi inaitwa nak, na wazee wengi wa rika lake walipitia hiyo.

Kulikuwa na mkunjo unapita juu ya shavu, madoa ya maji, na kona moja imeliwa na wadudu.

Nikaipiga picha na simu, nikaitupa ndani ya programu moja ya bure ya kurekebisha picha za zamani. Sekunde kumi. Mkunjo umeenda. Madoa yameenda. Sweta imekuwa buluu. Dani amekuwa rangi ya chai ya maziwa mengi, kope ndefu, shavu laini kama puto. Na meno. Meno yote, juu na chini, yamepangwa kama vigae vya bafu.

Nikaona ni poa! Nikasema manze, hii teknolojia. Nikaposti, laiki zikaingia, watu wakaandika "shosho alikuwa mrembo". Mathe akalia kidogo. Tukaprinti kubwa.

Siku ya mazishi dada yake mdogo akaletwa kutoka Siaya. Anatembea na fimbo lakini macho yako sawa, usidanganyike. Akasimama mbele ya lile bango muda mrefu. Halafu akauliza, "Ma en ng'a?" Huyu ni nani?

Waya wangu, yaani dada ya babangu, akacheka akamwambia si ni dada yako, mama. Akakataa. Dada yake hakuwa na meno hapa, akasema, akagusa mdomo wake mwenyewe, ambao pia hauna. Halafu akauliza kitu sikuelewa: na mkono wangu mmeupeleka wapi? Watu wakaangaliana, ile ya "uzee umefika". Wakamtafutia kiti kivulini. Tutarudi kwa huo mkono.

Nimechoma picha mara mingi maishani. Lakini hiyo ndiyo siku nilichoma picha kwa maana zote mbili.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, buda, ni meno tu. Sikiza basi. Dani hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ndoa yake ilikuwa ya ng'ombe, hakuna karatasi. Na kitambulisho cha taifa, kama hukujua, kilikuwa cha wanaume peke yao hadi 1978, ndipo wanawake wakaanza kuandikishwa. Kwa hivyo ile picha ya 1971 ndiyo karatasi ya kwanza duniani inayosema huyu mwanamke alikuwepo, alikuwa hivi, siku hiyo alikuwa na furaha. Ni moja. Mimi nikaichukua nikaweka mtu mwingine kwa nafasi yake, nikamsimamisha getini, nikawaambia watu mia tatu waje wamlilie.

Kwa hivyo nina neno na nyinyi nyote mnaoposti kila Alhamisi picha za shosho zenu "zimerekebishwa". Hamjarekebisha kitu. Mmemfuta mtu mkachora mwingine anayefanana naye kiasi.

Hebu tuongee vile hizi programu zinafanya kazi, maana watu wengi wanafikiri ni kama kupangusa vumbi kwa kioo, eti sura ya kweli imejificha chini ya mikwaruzo na akili mnemba inaifunua. Chini ya mkwaruzo hakuna kitu. Pale ambapo karatasi imepoteza picha, imepoteza. Programu inachofanya ni kubahatisha. Imelishwa sura nyingi sana za watu wengine, na ikifika kwa shimo, inaweka kile ambacho kwa kawaida hukaa hapo kwa hizo sura ililishwa. Pengo la meno kwake ni shimo. Kovu ni shimo. Sikio lililotobolewa na kuvutwa hadi likaning'inia, vile cucu za Kikuyu na koko za Kalenjin walikuwa nayo, kwake hiyo ni hitilafu.

Na hizo sura ililishwa ni za nani? Mwaka wa 2020 kulikuwa na kitu kinaitwa PULSE, kimetengenezwa na watafiti wa Duke University kule Marekani. Unakipa picha iliyovunjika vunjika kwa pikseli, kinakurudishia sura safi. Watu wakakipa picha ya Obama. Ukiiangalia hata ikiwa na ukungu unajua ni Obama, hata mtoto anajua. Kikarudisha mzungu. Hiyo skrinishoti ilizunguka dunia nzima. Miaka miwili kabla ya hapo, 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikuwa washapima programu za kampuni kubwa zinazotambua kama mtu ni mwanamke au mwanamume kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe, programu iliyokosea sana ilikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, kuna moja ilifika karibu asilimia 35. Sasa wewe unachukua picha ya mwanamke mweusi wa 1971, yenye mkunjo na madoa, unaipeleka huko ndio ikwambie alikaaje.

Hii shida ni ya zamani kuliko kompyuta. Filamu ya rangi ya Kodak ilikuwa inapimwa kwa kadi inaitwa Shirley, jina la mwanamke mzungu aliyepigwa picha ya kwanza ya hiyo kadi. Maabara ikisafisha picha, ilikuwa inalinganisha rangi na ngozi ya Shirley. Shirley akitoka sawa, mashine iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuzoeleka miaka ya 1990. Ndiyo maana kwa picha zingine za rangi za wazazi wetu, ukiangalia kundi la watu, wale weusi zaidi wamebaki macho na meno. Walikuwa wanaonekana vizuri tu kwa macho ya watu. Vipimo ndivyo havikuwahesabu. Na sasa programu ya leo inaona hilo giza, inasema hii ni kasoro, inaosha mtu hadi anakuwa chai ya maziwa. Yaani mashine moja ilikosea upande mmoja, nyingine imekuja kurekebisha kwa kukosea upande ule mwingine, na katikati yao dani yangu hana pa kukaa.

Hapa ndipo naleta matangazo, kwa sababu mimi ni mlevi wa matangazo ya zamani na sitajificha. Nina folda nzima. Mikebe ya Kimbo, na ninyi mnajua vile mkebe wa Kimbo ukiisha mafuta unakuwa kipimo cha unga, cha maharagwe, cha kila kitu hapa Kenya. Mabango ya East African Airways, ndege ilizaliwa 1946 ikafa 1977 pamoja na Jumuiya ya kwanza. Kuta za maduka zilizopakwa rangi za sabuni, herufi zimechorwa na mkono wa mtu na unaona mahali brashi iliisha rangi akachovya tena. Naweza kukaa na hizo vitu saa tatu usiku hadi stima iende. Zinafurahisha kwa sababu zinakuonyesha waziwazi mtu alitaka utamani nini. Tangazo la zamani halijui kujificha, muda umelivua nguo.

Na kuna moja inarudi kila mwezi kwa hizo kurasa za kumbukumbu. Ambi. Krimu ya kujichubua, ilitangazwa sana hapa kwetu miaka ya 1960 na 1970, hata ndani ya jarida la Drum. Mwanamke mtanashati, ngozi inang'aa, na ujumbe ambao hauhitaji kutafsiriwa: ukiwa mweupe zaidi, mambo yako yatakunyookea. Tunalishea, tunacheka, "haki watu wa zamani walikuwa wanapitia". Kuna lingine la zamani zaidi, la sabuni ya Pears ya Uingereza, karne ya 19: mtoto mweusi anaogeshwa ndani ya karai, picha inayofuata mwili wote umekuwa mweupe, umebaki uso. Hiyo tunalaani kabisa. Tunaandika aya ndefu.

Halafu mtu huyo huyo, baada ya kulaani, anafungua programu, anaweka picha ya shosho yake, anabonyeza "boresha", shosho anatoka mweupe shedi tatu, pua imechongwa, na anaandika "malkia". Kitufe ni Ambi. Ni karai la Pears. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanalipia krimu wao wenyewe, kwa ngozi yao wenyewe, wakiwa hai. Dani yangu alichubuliwa akiwa kwa mochari.

Na mimi ndiye nilimpaka.

Sasa wacha nijibu wale wajuaji, maana wako, na hoja yao si mbaya. Wanasema: hata studio za zamani zilikuwa zinaediti. Ukweli. Hizo ngazi nyuma ya dani ni uongo. Hendibegi ni uongo. Fundi wa studio alikuwa anaweza kukwaruza filamu kwa penseli ndio chunusi ipotee. Kulikuwa na watu wa kupaka rangi picha nyeusi na nyeupe kwa mkono, mashavu mekundu, midomo myekundu. Lamu kulikuwa na mzee anaitwa Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio, alijifunza mwenyewe, na huyo alikuwa moto. Alikuwa anakata picha na kubandika, mwanamke anatokea ndani ya ua kama amechanua naye. Hakuna Photoshop, hakuna kompyuta, ni mkasi, gundi na giza la chumba cha kusafishia. Miaka ya 1990 pale Likoni feri wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye turubai za meli na ndege na majumba, unashuka feri na kiatu kina vumbi, unapigwa picha kama unasafiri ng'ambo, unatuma nyumbani. Na leo cyber yoyote ya mtaani inakuwekea suti kwa picha ya pasipoti kwa shilingi hamsini, tena ile suti moja, nusu ya Nairobi imevaa hiyo suti.

Mimi napenda hayo yote. Kuediti ndiyo kazi inayonilipia nyumba, siwezi kuitukana. Lakini angalia tofauti. Mwanamke wa Bakor aliyetoka kwa ua, hakuna mtu Lamu aliyedanganyika kwamba alizaliwa kwa ua. Picha ya Likoni, kijijini watu walijua hiyo ni turubai, na wakafurahi hivyo hivyo, kwa sababu mchezo ulikuwa wazi na uso ulikuwa wake. Mwenye picha ndiye alichagua. Dani alichagua hendibegi. Alichagua saa ionekane. Alichagua kucheka mdomo wazi mbele ya kamera, na pengo lake, mwaka wa 1971, na pesa alilipa. Hakuna mahali alisema "na nikifa mniwekee meno".

Halafu kuna wale wa "hakuna aliyeumia". Mwezi wa nne 2021, tovuti ya Vice iliweka picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la Khmer Rouge kule Kambodia. Watu walipigwa picha pale wakiingia, halafu karibu wote wakauawa. Msanii mmoja alikuwa amezipaka rangi. Watu wakaanza kulinganisha na picha za awali, wakagundua kuna sura zimewekewa tabasamu. Mtu anayesubiri kuuawa, anatabasamu. Serikali ya Kambodia ikalalamika, familia zikalalamika, Vice ikaziondoa.

Hapo utasema hiyo ni mbali. Sawa, njoo nyumbani. Ile picha ya Kimathi, 1956, amelala kwa machela, pingu mikononi, ameshapigwa risasi ya mguu. Mnaijua. Nimeona toleo la akili mnemba ambalo ngozi yake imelainishwa kama mtu ametoka kinyozi, macho yametulia, mwangaza wa sinema. Watu wanaweka moto na bendera hapo chini. Huyo mtu alinyongwa Februari 1957 na hadi leo familia haijapewa mwili. Picha yake ni ushahidi wa alichofanyiwa, na sisi tunamfanya modo.

Na hizo za "Nairobi 1960"! Magari yanang'aa, wamama wamevaa gauni za maua, barabara safi, na nyuma pale, jamani, KICC imesimama. KICC ilimalizika 1973. Nilihesabu jinsi watu wengi walivyoandika "enzi zile maisha yalikuwa tamu", nikaacha kuhesabu. Hali ya hatari ilikuwa inaisha tu hiyo Januari 1960. Babu ya mtu fulani kwa hiyo orodha alikuwa kizuizini, na mjukuu wake anatamani kurudi huko kwa sababu ya gauni. Mbona usitafute picha ya kweli? Ziko. Ziko ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda cha mtu wako, na hakuna anayeziangalia kwa sababu hazina rangi.

Nitawaambia nafanya nini siku hizi, na si lazima mfuate.

Kwanza naskani, kwa skana ya kweli, ile ya kulaza karatasi, 600 dpi, na hiyo faili ya kwanza siigusi milele. Kama hakuna skana, natumia simu kando ya dirisha, mwanga wa mchana lakini si jua lenyewe, bila flashi. Napiga mbele na nyuma. Watu wanasahau nyuma! Nyuma ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, jina limeandikwa na mtu ambaye hayuko tena. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki, toeni picha huko polepole, ile gundi inazila. Na zile za rangi za miaka ya 1970 zimekuwa nyekundu nyekundu, hiyo ni rangi moja imefifia kabla ya zingine, unaweza kuirudisha kwa kusawazisha rangi bila kugusa sura ya mtu.

Halafu nikifanya kazi, natengeneza karatasi peke yake. Mkunjo ni wa karatasi, naziba. Doa la maji ni la karatasi, natoa. Nazoom, natumia brashi ndogo, inachukua saa nne badala ya sekunde kumi, na mgongo unauma. Nikifika kwa mwili wa mtu nasimama. Kovu lake, jino lake, sikio lake, siyo kazi yangu. Pale ambapo mkunjo umekula kipande cha uso, nakiacha kimeliwa. Mteja mmoja alinikasirikia, akasema anataka pesa yake kwa sababu "haijakamilika". Nikamrudishia, akaenda kwa programu. Huyo babu yake sasa anafanana na mwigizaji wa Uturuki.

Na kabla ya yote namtafuta mtu anayekumbuka. Ndiyo maana baada ya mazishi nilipanda matatu nikaenda Siaya, na picha ya awali ndani ya bahasha, kuomba msamaha, ukweli ni huo, nilikuwa naogopa.

Yule dani mdogo akaichukua, akaiweka karibu na uso. Akacheka. Sasa huyu namjua, akasema. Sweta ilikuwa ya manjano, si buluu, na haikuwa hata ya dada yake, walikuwa wameiazima kwa jirani. Halafu akaweka kidole kwa ile kando iliyokatwa na mkasi. Pale, juu ya mgongo wa kiti, kuna kitu kama doa jeupe. Nilikuwa nimeliona mara mia. Programu pia ililiona, ikalifuta pamoja na madoa mengine, ikachora ngazi juu yake.

Ni vidole vinne. Alikuwa na miaka kumi na tano, amesimama nyuma ya kiti cha dada yake, na mtu fulani baadaye akamkata ndio picha iingie kwa fremu. Ndiye alikuwa amesema kitu kikamfanya dani acheke. Alikataa kuniambia ni nini, eti si maneno ya kuambia mtoto.

Picha nyingine yake ya hiyo miaka haipo. Ni hivyo vidole vinne.

Bango la getini nililichoma mwenyewe nyuma ya nyumba. Ile ya awali iko kwa ukuta wa mathe sasa, na nakala kubwa iko Siaya, na mkunjo nimeziba na pengo liko pale pale. Jina la dani mdogo limeandikwa nyuma kwa penseli, na mshale unaoonyesha mkono.

Kama una moja ya studio kwenu, yenye muhuri, nitumie skani ya nyuma kwanza. Ya mbele tutaangalia pamoja baadaye, na usiiguse.